Koleo la Bibi Nekqadam

Kila asubuhi, akishaondoa theluji mlangoni na juu ya paa, Bibi Nekqadam alilipangusa koleo lake la mbao kwa kitambaa, akaliingiza ndani ya nyumba na kuliegemeza kwenye nguzo iliyo karibu na jiko. Watu wengine wote wa Rovdara waliacha makoleo yao nje, ukutani, mahali koleo linapokaa. La Nekqadam lilidondoshea zulia maji, likawakwaza wageni, na bado kesho yake aliliingiza tena.

"Shemeji, tangu marehemu atuache naona umepata wa kulala naye," Qurbonsho, jirani yake, alimtania akipita. "Ila mwembamba mno."

"Afadhali huyu hakoromi," alijibu Nekqadam. "Na asubuhi anafanya kazi. Muulize mkeo kama anaweza kusema hivyo."

Qurbonsho alicheka mpaka mvuke ukamtoka puani. Shakarmo, aliyekuwa amesimama kizingitini na mwanawe Gulchin, aliinamisha uso kuficha kicheko chake. Alikuwa ameolewa hapo akitokea mjini Khorog, na mumewe, kama wanaume wengi wa bonde la Bartang, alikuwa Moscow akijenga nyumba za watu wengine. Shakarmo aliishi na mama mkwe wake, Davlatmo, na tangu aolewe hakuna mtu pale kijijini aliyewahi kumsikia akiuliza swali. Alisalimia, alishukuru, aliondoka.

Lakini hakuondoka upesi. Kila siku alipomleta Gulchin alijifanya anafunga kamba za viatu vyake polepole, ili apate kuwatazama watoto wakicheza.

Rovdara imebanwa kati ya mto na mlima. Theluji ikianguka siku baada ya siku, barabara hufungwa, simu hufa, na mtoto mdogo ndani ya nyumba moja na mama yake huwa kama mbuzi ndani ya kabati. Nyumba ya Nekqadam ilikuwa chini ya mwamba mkubwa ambao watu waliuita Jino. Maporomoko ya theluji, wazee walivyokumbuka, yalipita kushoto kwa Jino au kulia kwake, hayakupita juu yake. Basi mlima ulipolemewa, akina mama waliwapeleka watoto kwake. Hakuna aliyepanga na mwenzake jambo hilo, lilizoeleka tu. Huyu alibeba mzigo wa kuni, yule matunda makavu ya forosadi, mwingine bonge la siagi kwa ajili ya chai ya maziwa na chumvi.

Nekqadam mwenyewe alizaliwa juu mlimani, katika kitongoji ambacho sasa ni mawe matupu, na hakukizungumzia. Enzi za shamba la ushirika alipikia watoto wa wakamuaji. Shamba likafa, watoto wake wakatawanyika, mumewe akazikwa, magoti yake yakaharibika. Sauti ndiyo iliyobaki nzima, na ilikuwa sauti ya jogoo.

"Sakafu ni mto!" alipaza, na watoto wakaruka kutoka baraza hadi baraza, yale ya ubao ya kulalia yaliyozunguka chumba, wakizunguka nguzo tano zilizobeba paa, wakipiga mayowe. Aliwafanya wavutane kwa shali, waburutane juu ya ngozi ya kondoo, wacheze ngoma huku yeye akipiga dufu lake, mpaka jasho likawatoka, ingawa nje mate yaliganda kabla hayajafika chini. Na walipoanza kuumana, aliwachezesha Dubu.

Katika Dubu, watoto wote walilala kifudifudi na Nekqadam akawarundikia mablanketi mazito ya pamba yote aliyokuwa nayo. Kabla blanketi halijashuka, kila dubu alipaswa kujijengea nyumba ya pua: viwiko mbele, viganja karibu na uso, nafasi ya kupumulia. Kisha dufu lililia. Likilia, dubu hasemi wala hajitikisi. Likinyamaza, Nekqadam huuliza, "Dubu, umelala?" na hapo dubu wote hupiga kelele kwa nguvu zao zote, "Silali!" Aliyesikika vizuri kuliko wote ndiye aliyetolewa kwanza na kupewa forosadi.

Gulchin hakupata forosadi hata mara moja.

Nyumbani kwao, Davlatmo alimfundisha kwamba theluji ina masikio. Rovdara nzima iliamini hivyo kidogo. Mlima ulipolemewa, watu walishusha sauti na kufunga milango taratibu. Davlatmo aliamini kuliko wote, kwa maana kaka yake alifunikwa na poromoko akiwa bado kijana. "Usiite," alimwambia mjukuu wake. "Usilie. Itasikia." Na mtoto alijifunza vizuri. Akiwa na miaka minne, Gulchin aliweza kuanguka, akaumia, akalia machozi mengi bila kutoa sauti yoyote. Shakarmo aliona hivyo mara ya kwanza akafikiri mtoto amezirai.

Chini ya mablanketi ilikuwa hivyo hivyo. Dufu liliponyamaza na wenzake wakapiga makelele, yeye alibaki kimya. Nekqadam alipomfunua alimkuta amelala vizuri, nyumba ya pua imejengwa sawasawa, macho wazi, mdomo umefungwa.

"Dubu huyu amekufa!" watoto walicheka.

Nekqadam hakucheka. Alijikunja kwa shida mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa mtoto. "Sikiliza, bibie. Kama mdomo hautaki, tumia mkono. Gonga." Akagonga ubao wa baraza kwa kifundo cha kidole. Siku iliyofuata Gulchin aligonga, kidogo sana, kama mtu anayebisha mlango huku akiomba asifunguliwe.

Usiku huo huo theluji ilianza tena, nzito, bila upepo. Asubuhi Davlatmo alikwenda mwenyewe kwa Nekqadam.

"Dada, unaupigia mlima ngoma? Unaualika harusini?"

"Mlima hauna shida na ngoma yangu, Davlatmo. Una shida na theluji iliyo mgongoni mwake."

"Kaka yangu..."

"Kaka yako alifunikwa alfajiri, nyote mmelala. Nani alikuwa anapiga kelele?"

Davlatmo alinyanyuka, akajifunga shali. "Mjukuu wangu hatakuja tena hapa," alisema, na kwa kuwa alikuwa na hasira alisema kwa kunong'ona.

Shakarmo alitaka kusema, Mama, mwache aende. Maneno yalifika kwenye meno yakarudi. Alihofia dufu pia, kusema kweli. Alihofia kila kitu: mlima, ukimya wa mama mkwe, ukimya wa mtoto. Alikaa nyumbani akikanda unga, akisikiliza paa likilia kwa uzito, na kila lilipolia aligeuka kuangalia Gulchin alipo. Mtoto alikaa kwenye pembe ya baraza akimlaza mwanasesere wake kifudifudi.

Mchana theluji ikiwa bado inaanguka, Davlatmo alikwenda bandani kukamua. Gulchin alimfuata akibeba bakuli la bati. Shakarmo aliwatazama wakitoka, mkubwa na mdogo, wakikanyaga taratibu kama wezi. Mikono yake ilikuwa na unga.

Hakusikia mlio aliokuwa ameutarajia tangu aolewe hapo. Kwanza moshi wa jiko ulirudi chini kupitia dirisha la paani ukajaa chumbani. Kisha dirisha likawa jeupe, halafu jeusi. Kisha ardhi ikatetemeka kwa muda mrefu, kama mikokoteni mingi inayopita mbali, na ikanyamaza.

Alisukuma mlango kwa bega akatoka. Banda halikuwapo. Palikuwa na kilima cheupe kilichochanganyika na matawi na mawe. Davlatmo, ambaye poromoko lilimkuta nje akichukua nyasi na kumtupa ukutani, alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja ukining'inia vibaya, akichimba kwa ule mwingine.

"Gulchin," alikuwa akiita. "Gulchin, roho yangu."

Alikuwa akinong'ona.

"Mama, ita kwa sauti!"

"Shh! Iliyobaki juu itashuka."

Shakarmo akafungua kinywa amwite mwanawe, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Bure. Hapo ndipo woga wote wa majira yale ulipomshika mara moja, miguuni, akakimbia kwa Nekqadam.

Nekqadam alikuwa tayari mlangoni na watoto wote nyuma yake wamevaa viatu. Koleo alikuwa amelitoa ndani, na ndilo pekee lililobaki, maana kuta za nyumba za chini zilikuwa zimezikwa na makoleo yake pamoja nazo. Alimsukumia Qurbonsho, aliyefika akihema. Kisha akalitoa dufu karibu na jiko, ngozi yake ikiwa bado ya moto, akamtia Shakarmo mikononi.

"Magoti yangu hayafiki. Piga. Halafu nyamaza. Wanyamazishe wote."

"Bibi, mimi siwezi..."

"Umeuangalia mchezo kila siku ukifunga viatu. Nenda!"

Pale kwenye kilima wanaume walikuwa wakidunga theluji kwa fito ndefu, wakinong'onezana, kila mmoja akitupia jicho juu. Shakarmo alipanda katikati yao akalipiga dufu. Davlatmo alimrukia na kumshika mkono. "Utatuua wote!" Shakarmo alimsukuma mama mkwe wake. Alimsukuma kweli, kifuani, mbele ya watu, na Davlatmo akaketi chini kwenye theluji kwa mshangao.

"Dubu!" Sauti iliyomtoka hakuijua. "Dubu, umelala?"

Wote walisimama. Theluji ilikuwa ikianguka juu ya kofia zao. Hakuna kilichosikika.

Alipiga tena, akanyamaza, akauliza tena. Huko juu kitu kilinong'ona kwa muda mrefu, kama mchanga unaomwagwa, na watu wakainama, mikono kichwani. Mchanga ukaacha kumwagika. Qurbonsho alikuwa mweupe kama kilima.

"Mara moja tu zaidi," alisema kwa sauti ndogo. "Halafu tuondoke hapa, dada yangu. Nakuomba."

Shakarmo alipiga kwa nguvu, ngozi ikiwa inaanza kulegea kwa baridi. "Dubu, umelala?"

Ti.

Ilikuwa ndogo mno hata kila mtu alimwangalia mwenzake aone kama naye amesikia. Ti, ti. Kidole juu ya bati. Ilitoka mbali na pale walipokuwa wakichimba, upande wa hori la ng'ombe.

Qurbonsho alichimba kama mtu anayepigana. Walimkuta chini ya hori lililopinduka, kifudifudi, viwiko mbele, bakuli likiwa karibu na mkono. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Macho yalikuwa wazi, mdomo umefungwa. Mama yake alipomkumbatia hakulia kwa sauti. Alimgonga mama yake begani kwa kidole, ti, ti, kana kwamba mchezo haujaisha.

Alasiri hiyo waliobaki bila nyumba na waliobaki na hofu walikuwa kwa Nekqadam. Gulchin alikuwa amesuguliwa mwili mzima, amenyweshwa chai ya siagi, amelala kando ya jiko na kiganja kimejaa forosadi. Davlatmo aliketi pembeni, mkono umefungwa kwa shali, akimtazama tu. Hakuna aliyemkemea. Watoto wengine walianza kuruka mabaraza, kimya kimya kwanza, halafu kidogo kidogo kwa kelele, na hakuna mtu aliyewanyamazisha.

Qurbonsho alirudisha koleo. Hakuwa na utani wowote. Aliliegemeza nje, ukutani.

"Ndani," Nekqadam alimwambia.

Aliliingiza.

Shakarmo alikuwa akifikiria banda. Lilisimama pale tangu enzi za babu wa mumewe, mahali ambapo theluji haikuwahi kufika. Kila mtu alikuwa amesema hivyo. Alitazama juu, kwenye dirisha la paani, mahali ambapo mwamba wa Jino ulikuwa ukijificha ndani ya theluji inayoanguka, kisha akawatazama watoto wa Rovdara, wote, ndani ya chumba kimoja.

"Bibi," alisema, na wanawake waligeuka kwa kuwa hawakuwahi kumsikia akiuliza. "Nyumba hii ni salama?"

Nekqadam alichukua kitambaa, akalipangusa koleo kuanzia mpini hadi chini, akaliegemeza kwenye nguzo yake.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Ningekuwa najua, hili lingelala nje."