Siku Niliyomficha Baba Dunguni

Aibu hii nimeishi nayo zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kuisimulia yote, maana kila nikifika pale mzee anapoomba maji nageuza maneno. Leo naiandika. Mwandiko wangu ni wa darasa la watu wazima, anayetaka kucheka herufi acheke, vya kucheka viko vingi zaidi huko mbele, na waliohusika nitawataja kwa majina, na mimi mwenyewe nimo.

Kwanza mjue ukoo wetu. Babu yangu alikuwa akirusha shingo. Sisemi kwa maringo, nasema mtu amekaa ametulia zake, mara shingo inaruka kushoto na koo linatoa sauti, "nkho", kama aliyekwamwa na punje ya uwele. Baba akaichukua vilevile, shingo ileile, upande uleule. Mimi ilinianza nikiwa bado nachunga ndama, kwanza macho kupepesa, kisha shingo, kisha na ile nkho. Na juu ya hayo wote watatu tulikuwa watu wa kusahau. Ukinituma jembe nitarudi na kuni (na kuni zenyewe nusu nimeziacha njiani). Baba aliwahi kupeleka ng'ombe kunywa maji akarudi peke yake, anapiga mluzi. Kule tulikoishi zamani, upande wa Mgori, kila mtu alitujua, na hakuna mzazi aliyetaka binti yake aje kwetu. Walisema ni laana. Wengine walisema kuna kitu bibi yetu alikiruka akiwa na mimba.

Ndipo serikali ikatuhamisha, tukapangwa kijiji kipya, nyumba kwa mistari kama mahindi, jirani huyu ametoka huku na yule ametoka kule, hakuna anayemjua babu wa mwenzake. Watu walilia kuacha nyumba zao za tembe. Shangazi yangu Paulina hakulia. Huyu ndiye mkosaji wa kwanza, dada mkubwa wa baba, mjane, na tangu mama afariki yeye ndiye aliyekuwa na sauti nyumbani kwetu. Alisimama katikati ya kiwanja chetu kipya akasema, "Hapa tumezaliwa upya. Nani anatujua?"

Wakati huo nilikuwa nimempata Elizabeti, binti wa kijiji cha Issuna, tulionana mnadani. Yeye shingo yangu aliiona siku ya kwanza, akaniuliza kama inauma, nikasema haiumi, akasema basi, akaendelea kuchagua chumvi. (Mtu mwenye akili angeishia hapo, angejua kwamba mwenye kuolewa ameshakubali.) Lakini kwetu, kabla ng'ombe wa mahari hawajasogea hata hatua moja, wazee wa msichana huja kuangalia boma. Kwa mdomo wanaangalia ng'ombe. Kwa macho wanaangalia watu, nani ana kifafa, nani anakohoa, nani ana mkono mrefu. Tukaletewa habari kwamba Jumamosi anakuja baba mdogo wa Elizabeti, mzee Ntandu, pamoja na bibi yake Elizabeti mzaa baba.

Shangazi akaniita jikoni. Akasema mimi naweza kujizuia kwa muda (ni kweli, naweza, kama mtu anavyozuia chafya, ila chafya inakusanyika), lakini kaka yake hawezi hata kidogo, kwa hiyo siku hiyo asiwepo. Alikuwa ameshaongea na balozi wetu wa nyumba kumi, Saidi, mkosaji wa pili, ambaye kwa kibuyu cha pombe ya mtama alikubali kubadilisha zamu, baba apelekwe kwenye shamba la kijiji kufukuza ndege kwelea. Nakiri ulikuwa mpango wa akili. Juu ya dungu, kile kichanja cha mlinda ndege, shingo ya baba haikuwa na kasoro. Mlinda ndege hugeuka huku na huku na hupiga kelele, nani atachambua kelele ipi ni ya ndege na ipi ni ya damu yake?

Shangazi akaniuliza, "Unasemaje?" Nikasema, "Sawa." Neno moja tu, na mkosaji wa tatu akapatikana.

Ni mimi niliyetumwa kumwambia. Baba akashangaa, akasema zamu yake si ilikuwa juzi. Nikamwambia zimebadilishwa. Akaniangalia, akachukua kombeo lake, akaniuliza kama chakula nitaleta. Nikamjibu nitaleta.

Jumamosi asubuhi shangazi akanipa bakuli la ugali wa uwele na mlenda, akasema mpelekee baba yako sasa hivi, kabla wageni hawajafika, akishiba hatashuka. Nikatoka nalo. Mlangoni nikaona dume jekundu limekata kamba linaelekea kwenye viazi vya jirani, nikaweka bakuli kivulini chini ya ghala, nikalikimbilia, nikalifunga, nikaona ua wa boma umelala upande mmoja, nikausimamisha, nikakumbuka sijaoga, nikaoga, nikavaa shati la kuazima, nikaanza kuwaza nitasema nini wakiniuliza jambo. Bakuli likatoka kichwani mwangu kana kwamba halijawahi kupikwa. Hadi leo watu wananiambia nilipuuza. Sikupuuza. Kichwa changu ni boma lisilo na mlango, kilichoingia kinatokea upande wa pili.

Wageni wakafika jua likiwa limepanda. Salamu, shikamoo zikapangwa kwa umri, vigoda, pombe. Balozi Saidi naye akaja kama shahidi wa tabia zetu njema, hakuna aliyemwalika. Mzee Ntandu alikuwa mpole, akasifu madume, akauliza malisho, halafu akauliza baba mtu yuko wapi. Shangazi akajibu amekwenda Singida Mjini kwa shughuli zake. Balozi akaongeza bila kuombwa, "Mtu mtulivu yule. Unaweza kukaa naye siku nzima usimsikie."

Mimi nilikuwa nimebana shingo hadi masikio yanavuma. Jasho linateremka mgongoni. Bibi yake Elizabeti hakuwa akiangalia madume wala kusikiliza maneno, macho yake yalikuwa kwangu.

"Mjukuu, shingo yako ina nini?"

"Jipu, bibi."

"Sogea nilione."

Nikasogea, ningefanya nini. Akanipapasa kwa vidole vyake vikavu, kushoto, kulia, hakuna jipu, na vile vidole ndivyo vilivyozidi kuiamsha. Akarudi kigodani kwake. Nilijiambia bado kidogo, wakimaliza kata hii ya pombe watainuka. Shangazi akakohoa, akaongeza pombe, akaanza habari za mvua.

Hapo ndipo nilipoisikia, kabla sijamwona mtu. Nje ya ua. "Nkho." Na papo hapo bakuli likarudi kichwani mwangu, na mlenda wake na nzi wake.

Baba akaingia na kombeo begani, vumbi hadi kwenye nyusi, midomo imepauka. Alikuwa juani tangu alfajiri bila chakula wala tone la maji. Akaona vigoda, akaona pombe, akaona wageni, akaona shati langu. Mimi nilimwona anavyoelewa. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba. Akamwamkia bibi, "Shikamoo mama," na mzee Ntandu akamkaribisha vizuri, akamuuliza, "Wewe, mzee mwenzangu, ni nani hapa?"

Lile swali nilipaswa kulijibu mimi. Shangazi alikuwa amekauka kama gogo, balozi anachungulia ndani ya kata yake. Nikafungua mdomo niseme ni baba yangu, nikajua nikiufungua zaidi na ile sauti itatoka, nikaufunga. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, jamani, mengine yote ni mapambo.

Baba akajibu mwenyewe, "Mimi mlinda ndege wa kijiji. Napita tu. Naomba maji."

Na shingo yake ikaruka kushoto. Ndipo yangu ikakatika kama kamba ya dume, ikaruka kushoto, nkho, yake tena, yangu tena, yake, yangu, tulikuwa kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mimi nikimwona anarusha siwezi kuacha, na yeye vivyo hivyo, tangu utotoni ndivyo tulivyo. Balozi Saidi akacheka hadi pombe ikamtoka puani.

Bibi akaweka kata chini. "Mlinda ndege huyu," akasema, "ndiye aliyemzaa kijana huyu."

Mzee Ntandu akainuka, akakung'uta nguo taratibu. Hakupandisha sauti.

"Mngetuambia kuna shingo, tungekaa tukaongea shingo. Lakini mtu anayemkana baba yake mbele ya maji ya kunywa, binti yetu atakaa naye siku ngapi?"

Bibi ndiye aliyempa baba maji, kwa mkono wake, ndani ya nyumba isiyo yake. Baba akanywa, akashukuru, akarudi shambani kwa sababu kwelea hawangoji. Wageni wakaondoka bila kumaliza pombe. Mimi nikaenda chini ya ghala nikalitoa bakuli, siafu wamelizunguka, nikalibeba hivyo hivyo hadi dunguni. Baba akawapangusa siafu, akala. Alisema mawili tu. Kwanza, "Umechelewa." Na alipomaliza kula, "Msichana mwenyewe ni mzuri?" Nikasema ndiyo, baba.

Elizabeti aliolewa mwaka uliofuata. Balozi Saidi alisimulia mkasa huu kila palipo na kibuyu, na kila alipousimulia alisahau kutaja nani aliyebadilisha zamu. Baba akapewa jina, Naomba Maji, akazikwa nalo, na shangazi Paulina alilia pale kaburini kuliko wote, mimi nikimtazama.

Mimi nilikaa na subira kwanza, kisha nikaoa msichana mwingine, nikapata binti. Akaanza kupepesa macho, na shuleni anapigwa kwa kupepesa na anapigwa kwa kusahau daftari. Nikampeleka mjini kwa daktari mmoja, mtu mzima, akaniangalia mimi zaidi ya mtoto, akauliza nani mwingine nyumbani yuko hivi. Nikamwambia wote, hadi babu. Akasema siyo laana, ni damu, na mambo haya mawili, la viungo kuruka na la akili kutotulia, mara nyingi hutembea pamoja katika ukoo kama ng'ombe na kupe. Nikamuuliza nani wa kulaumiwa. Akasema hakuna.

Kwa shingo, sawa, namkubalia, hakuna. Kwa dungu nina majina matatu.

Binti huyo sasa ni mkubwa na mwezi ujao wazee wa kijana wanakuja kuangalia boma. Mke wangu ameniomba, kwa upole tu, nisikae karibu sana na wageni. Nimemwambia kigoda changu nakiweka mlangoni, ndoo ya maji pembeni, na atakayeingia ataniona mimi kwanza, nikirusha shingo, kushoto, kabla hajamwona hata ng'ombe mmoja.