Uso wa mumewe kwenye kioo kikubwa

Uvumilivu wangu ulikatika pale bibi mmoja, mteja wangu, aliponiuliza, kidole chake bado kiko hewani mbele ya kioo cheusi, "Mwanangu, amekwenda wapi tena?"

Alikuwa anamuulizia mumewe. Umeme ulikuwa umekatika, na laptop yangu mpya, niliyouziwa ili isizime umeme ukikatika, ikazima nao.

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa picha hapa Mwanga. Kompyuta yangu ya zamani ya mezani, lile boksi, kila umeme ukienda ilikuwa inaondoka na kazi za watu. Nikaliuza. Muuzaji wa laptop akanifungulia moja kubwa, kioo kipana kama sinia ya pilau.

"Dada, hii ni kompyuta ya mezani iliyojikunja. Umeme ukikatika, wewe unachapa tu."

"Chomoa waya nione."

"Ndiyo kwanza inajaa chaji, kuichomoa sasa ni kuiua. Mbona wasiwasi kama unaolewa!"

Mtoto analia mgongoni, watu wanacheka. Nikanunua.

Na sitasema uongo: ile mashine ilininyamazisha, na mimi si mtu wa kunyamaza. Kurasa mbili zinakaa sambamba, herufi zimesimama wima. Picha ya ziwa niliyoipiga kwa simu pale ufukweni Kibirizi, nikaiona mpaka povu la kila wimbi. Mwanangu akakipapasa kioo, kisha akatazama kiganja chake kama kimelowa.

Ndipo akaja yule bibi wa Kagunga, na picha ya marehemu mumewe, ndogo, imekunjika. Nikaipiga skana, nikaikuza. Uso ukajaa kioo kizima. Nyuzi za kofia zikaonekana. Juu ya jicho, kovu dogo. Bibi akasogea mpaka pumzi yake ikagusa kioo.

"Ego, ndiyo! Ni yeye. Hilo kovu ni la ndoana. Nililiosha mwenyewe." Akanyoosha kidole alishike.

Giza.

Nilifunga kibanda, laptop kwapani, mtoto mgongoni, nikarudi kwa muuzaji.

"Dada, hizi kubwa hazichomolewi, ni za mezani. Si ulitaka ya mezani?"

"Ya mezani nilikuwa nayo!"

"Basi nenda unakojua."

Nikaenda kwa mtendaji wa kata. Nikamwamkia, nikaanza kufoka. Akanisikiliza, kisha akanisukumia karatasi: andika, mama, kelele haziwekwi kwenye faili. Nikaandika hivi:

"Nalalamika rasmi kwamba niliuziwa laptop ya kioo kikubwa kwa ahadi kwamba itachukua nafasi ya kompyuta ya mezani, tena itafanya kazi bila umeme. Ikichomolewa inazima papo hapo, betri yake imekufa. Muuzaji alijua, ndiyo maana alikataa kuichomoa. Kioo sikilalamikii. Kioo kama kile sijawahi kuona, wala sitaki kuirudisha mashine. Nataka betri nzima. Na ichomolewe hapa ofisini, mbele yako na mbele ya bibi wa Kagunga, uso wa mumewe ukiwa umejaa kioo, naye alishike lile kovu mpaka atosheke mwenyewe."