Mtaro wa Wanyenyekevu

Kamati ya gurdwara, hekalu la Kisikh la kijiji cha Kot Rangila, imetamka, katika karatasi yenye muhuri iliyobandikwa juu ya mabomba ya kunawia, kwamba Guru Nanak, mwasisi wa dini hiyo, alifundisha usawa wa binadamu wote. Kwamba mbele ya langar, mlo wa bure wa hekaluni, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Na kwamba kuanzia sasa hakuna atakayeruhusiwa kula ukumbini akiwa juu ya kiti, kigoda, ndoo iliyopinduliwa au mfuko wa unga.

Ndoo na mfuko wa unga vilitajwa kwa heshima ya Kehar Singh.

Kehar Singh ni fundi mwashi. Alianza kupiga magoti kwenye sakafu za watu akiwa na miaka kumi na minne, akaendelea kwa miaka arobaini na sita, mpaka magoti yenyewe yakagoma. Sakafu ya ukumbi wa langar, marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, aliiweka yeye bila ujira, kama ibada. Ilimgharimu kilichobaki cha goti la kushoto. Mara ya mwisho alipoikalia kama wenzake, miguu imekunjwa, walihitajika watu wanne kumwinua, na mmoja wao hadi leo anasingizia mgongo kila msimu wa kuvuna ngano.

Angeweza kula nyumbani. Mkewe, Jagiro, alimwambia hivyo kila siku.

"Baba Bindi, dengu ni ile ile. Kaa kitandani kwako ule kwa raha."

"Siyo ile ile."

"Ya huku naipika mimi, na ya kule naipika mimi. Wewe umejuaje?"

Kuhusu dengu Jagiro alisema kweli. Lakini Kehar, alipokuwa mdogo, alikuwa akimfuata baba yake seremala kwenye nyumba za wenye mashamba, na huko walikula karibu na hori la nyati, wakanywa kwa vikombe vyao peke yao vilivyotundikwa kwenye msumari kando. Jioni, langarini, mwenye shamba yule yule aliketi mstarini pembeni yao, goti kwa goti, akisubiri chapati kama wao. Siku moja alimwambia baba yake, "Nisogezee chumvi, ndugu." Kehar alikuwa na miaka saba. Tangu hapo hakukosa mstari ule ila alipokuwa na homa ya matumbo.

Basi akaenda kwenye kamati.

Mwenyekiti, Sampuran Singh, ana ekari themanini na magoti yaliyowahi kucheza kabaddi, mchezo wa kukamatana, katika timu ya wilaya. Alimsikiliza kwa subira ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Baba mdogo, hatukufukuzi. Kaa barazani kwenye kiti, utaletewa sahani kama maharaja."

"Sitaki umaharaja. Nataka mstari." Kehar akamgeukia Giani Waryam Singh, msomaji wa maandiko. "Giani, Baba Nanak alitembea kwa miguu mpaka Baghdad, sivyo? Akaenda hadi milima ya Tibet. Magoti yake yalikuwaje aliporudi?"

Giani akafikiri. "Simulizi hazisemi."

"Hazisemi kwamba yalikuwa mazima?"

"Hazitaji magoti kabisa."

"Andika hivyo kwenye kumbukumbu," mwenyekiti akamwambia katibu. "Magoti hayakutajwa."

Katibu akaandika.

"Haya," Kehar akasema. "Kosa langu ni kukaa juu?"

"Ni hilo tu."

"Nikikaa sawa na wenzangu, ila miguu iko chini?"

"Chini ya nini?"

"Chini ya sakafu."

Wakatazamana. Kehar akaeleza: achimbe mtaro ndani ya ukumbi, kina cha futi moja na nusu, mwenye magoti mabovu aketi ukingoni na kuteremsha miguu humo. Makalio yatakuwa marumaruni kama ya wengine. Karatasi ilisomwa tena, mara mbili. Ilikataza kupanda. Juu ya kushuka haikuwa na neno. Giani alipoulizwa alisema kwamba Baba Nanak mwenyewe alijihesabu pamoja na walio chini ya wote, kwa hiyo kwa upande wa dini haoni ubaya wa shimo.

Kehar akavunja marumaru yake mwenyewe. Kupiga magoti hakuweza, akachimba akiwa amelala ubavu, kama mtu anayesoma gazeti. Mtaro ulitoka futi kumi na mbili, nafasi ya watu wanane. Kamati ilikuja kukagua usawa kwa pimamaji na uzi. Waliuvuta uzi juu ya vilemba vya walioketi, ikaonekana kwamba Nihang mmoja, askari wa dini aliyekuwa akipita njia, mwenye kilemba cha buluu kirefu kama kichuguu, alikuwa amemzidi kila mtu usawa kwa inchi kumi na nne. Ilibidi kikao kiitishwe. Baada ya saa mbili iliamuliwa kwa kauli moja kwamba usawa wa binadamu hupimwa makalioni.

Ilibaki saruji kukauka. Kehar alisema siku saba, na kwa siku saba alikaa barazani, akiingia mara tatu kwa siku na ndoo kuinyunyizia maji isije ikapasuka. Fundi mbaya ndiye huharakisha saruji.

Katika siku hizo saba kijiji kiligundua kwamba sasa kuna mahali, ndani ya gurdwara, palipo chini kuliko mahali pengine pote.

Wa kwanza kugundua alikuwa mwenyekiti. Alisema ametafakari sana juu ya unyenyekevu wa Guru, na ameona si haki pahali pa chini kabisa pawe pa wagonjwa peke yao. Akamwagiza katibu afungue orodha. Kufikia mchana walikuwamo mkuu wa shule, meja mstaafu, na shemeji wa mwenyekiti aliyetoka Kanada kwa likizo. Vijana waliokuwa wakiruka ukuta wa shule asubuhi walionekana jioni wakichechemea.

"Mimi nitangulie," meja alisikika akisema mbele ya meza ya katibu. "Mimi ni duni kuliko wewe."

"Wewe?" akajibu mkuu wa shule. "Una trekta mbili na pensheni. Usinichekeshe. Duni ni mimi."

"Wewe duni? Unavaa saa ya dhahabu."

"Ni dhahabu ya kupakwa tu."

Jagiro alipita na sufuria, akasikia, akaenda moja kwa moja kwa mumewe.

"Baba Bindi, nenda ukajiandikishe. Watu wanashindana uduni kule."

"Kujiandikisha nini? Mtaro nimechimba mimi."

"Ndiyo maana nakwambia nenda."

"Haijakauka upande wa mashariki," akasema, akachukua ndoo.

Siku ya nane mtaro ulifunguliwa kwa sala. Watu wanane waliteremsha miguu, soksi safi, nyuso zimeinama vizuri. Kehar Singh alifika na fimbo yake, amefunga kilemba kipya cha rangi ya haradali. Katibu alimpokea kwa mikono miwili, akamwomba radhi, akapitisha kidole kwenye karatasi kutoka juu kwenda chini, akageuza ukurasa, akaendelea hadi mwisho, akaliandika jina lake hapo.

"Ngoja nimwinue mmoja hapo," Jagiro akasema, akaweka sufuria chini.

"Mama, haiwezekani," katibu akamwambia taratibu. "Tumekubaliana wote kufuata orodha. Ndiyo usawa wenyewe."

Kila zamu ni wiki moja. Wa kwanza kwenye orodha ni mwenyekiti. Kehar Singh ni wa sitini na moja, kwa kuwa siku ya kuandikishana alikuwa akiinyunyizia saruji maji.