Bata wa Uingereza

Jumanne nilipanga foleni katika ofisi moja ya kaunti mjini. Mbele yangu, mama anayeuza mboga katika soko la Waithaka alilalamika kwamba mtaro umeziba na maji machafu yameingia sokoni.

Afisa akamwonyesha picha kwenye simu. "Ona, mama. Tulienda benchmarking Uingereza, kujifunza vile wenzetu wanajenga mitaro, mji wa zamani kabisa. Mfereji inapita kando ya soko, bata zinaogelea."

Mama akavua kiatu kimoja cha mpira, gambuti, akaiweka juu ya kaunta ikichuruzika tope.

"Na Waithaka ulikuja lini?"

"Bado tunaandika ripoti."

Nilitamani kuvua kiatu changu pia. Tumempandisha mtu ndege kwa kodi yetu akaangalie bata. Waithaka ni mwendo wa matatu moja, lakini huko hakuna marupurupu.