Siku Nilipoketi Juu ya Samadi ya Baba Mkwe

Acheni niwape mkasa wangu, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, nilipanda juu ya lundo la samadi la baba mkwe wangu, nikaketi, nikawaambia majirani kumi na wawili kwamba hakuna anayebeba hata karai moja.

Nilikuwa na akili zangu timamu.

Naitwa Ludovika. Kwetu ni Masakta, nimeolewa Nambis, hukuhuku Mbulu. Masikio yangu yaliharibika nikiwa darasa la tatu, baada ya homa kali, na tangu hapo navaa vifaa vya kusikia, kimoja kila sikio. Hapa nyumbani wanaviita mashine.

Mashine zinakula betri jamani. Ni vidude vidogo kama kifungo cha shati, na kila wiki natoa vilivyokwisha naweka vipya.

Vilivyokwisha situpi. Dada wa kliniki kule Arusha aliniambia si vizuri viende kwenye udongo, na mtoto akimeza kimoja anaweza kufa. Kwa hiyo navikusanya kwenye kopo la kahawa pale dirishani, nikienda kliniki naenda nalo. Wao wanajua pa kuvipeleka.

Baba mkwe, Mzee Margwe, alinicheka miaka yote. Alikuwa akipita na kofia yake ya sufu iliyofunika masikio, anawaambia wageni kuwa mkwe wake anatunza takataka.

Sasa, kwetu kila kinachofagiliwa ndani kinaishia kwenye samadi. Majivu, maganda, yote. Kabla ya mvua majirani wanakuja siku moja, wanabeba lundo zima mpaka shambani, nanyi mnawapikia. Mahindi na maharage tunayokula yanatoka humohumo.

Asubuhi ya siku hiyo nikalikuta kopo langu jikoni. Lina chumvi.

Mama mkwe, Mama Judica, hakuficha kitu. Alisema chumvi yake ilikuwa inaloa, kopo ni zuri lina mfuniko, vidude vyangu kavimwaga samadini juzi.

Nilipandwa na hasira. Nikaenda kwa Mzee, nikamwomba kwa adabu zote tuchekeche kwanza. Akasema watu wamekuja kubeba, hawakuja kuchezea mavi. Jirani wa kwanza akaingiza koleo.

Ndipo nikapanda.

"Shuka," alisema Mzee. "Usiposhuka, leo hii Hilary anakurudisha kwa baba yako."

Hilary ndiye mume wangu. Alikuwa palepale, anatazama viatu vyake. Niliogopa, siwadanganyi. Nina watoto wawili kwenye ule mji, na nilijua Mzee akisema kitu amesema.

Nikavua mashine zote mbili mbele yao, nikazitia mfukoni.

"Baba, heshima yako iko palepale," nikasema. "Ila wanangu hawatalishwa betri. Haya, semeni mnachotaka. Sisikii."

Wakasema kweli. Niliona midomo inakwenda, vidole vinanyooshwa, mama mmoja anajipiga paja. Mimi nimekaa tu, jua linapanda, samadi inanilowesha gauni.

Mwishowe Hilary akaondoka. Nikajua anafuata pikipiki ya kunirudishia kwetu.

Akarudi na chekeche la mchanga. Akaliweka miguuni pangu, akaanza kazi bila kumtazama baba yake.

Nikashuka, nikavaa mashine zangu. Majirani wawili wakatuunga mkono, halafu wengine. Betri zikaanza kutoka moja moja, nami naokota.

Tuliposhuka chini zaidi ya pale Mama Judica alipomwaga, Hilary akanipa nyingine. Kubwa, karibu mara mbili ya zangu. Kisha ya pili. Ya tatu.

"Hizi si zangu," nikasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Kuna mwingine hapa nyumbani anavaa mashine."

Mama Judica akanitazama kama nimerukwa na akili.

Mzee Margwe akavua kofia.

Nyuma ya sikio lake la kulia kulikuwa na mashine. Hata mkewe alikuwa hajui. Mbulu hii na baridi yake, nani angeuliza habari za kofia?

"Chekecheni mpaka chini kabisa," alisema. "Nimetupa nyingi kuliko hizo."

Hajaniomba radhi mpaka leo. Ila kopo limerudi dirishani, betri zake na zangu zinakaa pamoja, na kofia anaivaa utosini.

Kwa hiyo wewe unayevaa mashine, nisikilize. Betri iliyokwisha isiende chooni, isiende jalalani, isiende shambani. Ifungie kwenye kopo, mbali na watoto, uirudishe kliniki.

Wakikucheka, vua mashine uendelee na kazi.