Miezi ya Mshtarii Nyuma ya Nyumba ya Mwanangu

Kwetu Gesima, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima, na sikuwahi kuiona nzito mpaka mwanangu aliponunua darubini na kuisimamisha uani kwake, mahali pasipofikika ila kwa kupitia jikoni.

Aliyealikwa kwanza ni mwalimu mwenzake, mtu wa kutoka kule ziwani. Yeye hana mwiko wowote na nyumba ile. Kila jioni mawingu yakitawanyika, nilimsikia akipita kando ya ua wangu akipiga mluzi. Baadaye vicheko. Mwanangu huyo huyo, mimi hunijibu kwa maneno mawili matatu.

Mama hakatazwi jikoni, kwa hiyo mke wangu alikwenda, akarudi na habari.

"Tumeona Mshtarii. Ana miezi minne, imejipanga kama shanga. Yule mwalimu ndiye aliyenielekeza."

"Mwanao hakuwepo?"

"Alikuwepo. Walikuwa wakigombania kiti kama mtu na ndugu yake."

Ugali ulinishinda. Kesho yake nilifunga taa kubwa ya stima ukutani, nikaielekeza uani kwao.

"Taa ya nini hiyo?" mke wangu akauliza.

"Wezi wa kuku."

"Kuku gani? Si uliwauza wote Krismasi?"

Kwa mwanga ule hawakuona kitu. Nilingoja mwanangu aje aniombe niizime. Jibu nilikuwa nalo tayari. Hakuja. Heshima iliyonizuia mlangoni kwake ilimfunga yeye mdomo. Mluzi ukakoma, vicheko vikakoma, na salamu zake za asubuhi zikawa fupi zaidi. Nilikuwa nimemnyang'anya yule mgeni mwanangu, lakini sikumpata mimi.

Nikaizima, bila kumweleza mtu.

Jioni iliyofuata wakatoka wote wawili wamebeba darubini, wakaisimika kwenye nyasi kando ya shamba la majani chai, mahali pasipo na mlango wa mtu.

"Baba, njoo uone," mwanangu akaita.

"Mzee, funga jicho moja," mwalimu akasema. "Na usishike bomba, litatikisika."

"Macho haya nilikuwa nayo kabla hujazaliwa."

Akacheka, na mimi nikazidi kumchukia.

Niliinama. Palikuwa na duara dogo lenye mistari myembamba, na nukta nne kando yake, moja huku, tatu kule. Zilisogea polepole kuelekea ukingoni, kisha zikatoka, nikabaki na giza tupu. Niliendelea kuchungulia lile giza, maana nikiinuka tu, zamu ingekuwa ya mwalimu.

Nikahisi mkono begani.

"Imeshatoka, Baba," mwanangu akasema chinichini, mwenzake asisikie. "Dunia inazunguka. Ngoja nikurudishie."

Akalisogeza bomba kidogo, nami nikainama tena.