Kipimo cha Matairi ya 404

Philister Naliaka alikuwa na leseni ya udereva kwa miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuushika usukani wa gari la nyumbani kwake. Si mzaha. Mumewe, Jackton, alimwachia kila kitu, hata kadi ya benki, lakini si ile Peugeot 404 ya kijivu. "Mama Vero, hii gari ina tabia zake," angesema, na maneno yakaishia hapo.

Basi mwaka wa 2006 kiharusi kikamlegeza Jackton mguu wa kushoto, ule wa klachi. Gari likabaki juu ya mawe uani kwao Muthangari. Kila Jumapili Jackton aliiwasha injini, akaisikiliza, akaizima. Matairi nayo yakaoza. Mwishowe akakata tamaa, akatangaza kwamba watu wa vyuma chakavu wangelichukua Jumamosi.

"Matairi ya kipimo hicho hayako tena," akasema.

"Na nikiyapata?"

"Ukiyapata, utaendesha wewe."

Akacheka, maskini. Hakujua anaongea na nani.

Philister ni fundi wa kushona pale Kenyatta Market, na tepu yake ya kupimia huwa shingoni hata akienda kununua nyama. Ijumaa akafunga kibanda, akapakia gurudumu moja kwenye teksi, akashuka River Road. Ubavuni mwa tairi paliandikwa 165-380. Duka la kwanza wakamcheka: 380 labda ni ya trekta! La pili wakamwambia achukue ya inchi kumi na nne, kwani 504 huvaa kumi na nne, na Peugeot ni Peugeot. Ati Peugeot ni Peugeot! Watu wengine wana ujasiri wa ajabu.

Duka la tatu lilikuwa la Wachira, mwanamume wa maneno matamu.

"Mathe, na mzee hajakuja? Hii mambo si ni yeye anajua?"

"Mzee yuko nyumbani. Toa hilo tairi kwa rimu."

Likatolewa. Wachira akaanza kupima rimu kwenye ukingo wa nje. Philister akamsukuma kando, akapiga magoti kwenye sakafu yenye grisi, akaweka tepu pale tairi linapokalia. Kiuno cha sketi hakipimwi kwenye pindo, bwana. Sentimita thelathini na nane. Akageuza tepu upande wa pili: inchi kumi na tano.

"Kumbe!" akapiga kelele. "380 ni milimita tu! Nipe za 165, inchi kumi na tano, zote nne."

"Hizo ni nyembamba, mathe, ni za Volkswagen za kitambo. Chukua hizi za 195, gari itakaa poa."

"Zisugue madigadi nikikata kona? Mimi sishoni nguo ya kubana kwapa."

Wachira akacheka mpaka akakohoa, akaenda stoo kuzitoa, kisha akamtuma kijana wake aende naye kuzifunga.

Jumamosi watu wa vyuma walikuta gari limesimama kwa magurudumu yake. Wakaondoka wakilalamika. Jackton akalizunguka, akigonga kila tairi kwa mkongojo. Akashika kitasa cha mlango wa dereva, akasimama hapo muda mrefu. Kisha mzee akakiachia, akazunguka polepole, akaingia upande wa abiria.

"Klachi! Polepole! Ona huyo wa baiskeli!" Aah, alimsumbua! Mpaka wanafika Lavington alikuwa ametoa amri zisizohesabika. Halafu kimya.

Philister akashtuka, akamtazama. Jackton alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, mdomo wazi, anakoroma. Jackton huyuhuyu, ambaye hata kwenye basi la usiku la kwenda Bungoma hukesha akimkodolea dereva macho.

Philister akaifikia njia ya kurudi nyumbani, akaipita. Akaendelea mbele, mwendo wa pole, huku akijipangusa machozi kwa mkono mmoja.